Majibu Bila Nywila

Krii-krii, tak. Krii-krii, tak. Mpaka leo naisikia feni ya seva yetu, ikilia kama panzi aliyefungiwa kwenye kiberiti. Seva ilikaa chini ya meza yangu ya mapokezi, kwenye zahanati moja ya Bombambili. Majibu yote ya vipimo yalikuwa humo. Mgonjwa anayafungua kwa simu, kwa nywila yake.

Mbele ya seva kuna programu inaitwa proksi. Kazi yake ni kama yangu tu: inapokea anayebisha hodi, inamuuliza nywila, ndipo inampitisha. Ijumaa ile nilisoma kwenye simu onyo la wataalamu: proksi ya toleo la zamani ina tundu, ombi likiandikwa kwa hila linapita bila kuulizwa kitu. Nikaangalia ya kwetu. Ya zamani! Na ni mimi niliyemwambia fundi wetu wa kompyuta azime masasisho ya programu, eti yanakula bando. Nilijisifu wiki nzima.

Nikajaribu kwa majibu yangu mwenyewe ya taifodi. Yakafunguka bila nywila.

Nikamkumbuka mama mmoja wa Matogoro, anayekuja kuchukua dawa amejifunika kitenge mpaka puani. Kila mara huniuliza, "Mwanangu, haya hayaonwi na mtu?" Nami humjibu, "Labda wanipitie mimi kwanza, mama."

Nikaenda kwa bosi.

"Bosi, majibu ya wagonjwa yanafunguka bila nywila. Tuzime mtandao mpaka Jumatatu, fundi akirudi kutoka Tunduru."

Akacheka. "Wewe na divisheni foo yako ya kidato cha nne! Uhandisi umeanza lini?"

"Leo asubuhi, bosi."

"Songea hii nani atuibie? Wadukuzi wako Ulaya huko."

"Mtandaoni hakuna nauli, bosi. Hawapandi basi."

Kicheko kikaisha. "Wagonjwa wanataka majibu kwenye simu. Ukigusa, Jumatatu usije."

Kazi ile ndiyo niliyoitegemea nije nisomee kompyuta, na bado nitasoma, mtaona. Lakini yule mama nilishampa neno langu. Majibu yake ningemwandikia hata kwa kalamu.

Mchana, wenzangu wote walipotoka kwenda kula, nilipiga magoti chini ya meza. Nikachomoa waya wa intaneti, nikauviringisha taratibu, nikautia mkobani, nikafunga zipu. Feni ikaendelea kulia. Nikakaa kwenye kiti changu cha mapokezi, mkoba mapajani.