Spana ya Plagi na Mama Mkwe

Lwakatare alikuwa dereva wa lori la pamba mjini Mwanza, na uani kwake alikuwa na Ford chakavu aliyoitengeneza mwenyewe. Kila msimu wa pamba ulipokwisha alinunua spana moja dukani kwa Jayant, akaipaka mafuta na kuifunga kwa maganda makavu ya mgomba, kama Wahaya wenzake wanavyofunga kahawa ya kutafuna. Mkewe, Kokushubira, alimwonya kwamba ipo siku atavichanganya vifurushi hivyo. Akaambiwa aache kelele.

Asubuhi ile mama mkwe, mzazi wa Kokushubira, alikuwa ameaga kurudi Bukoba, na Lwakatare mwenyewe ndiye aliyempa kifurushi cha kahawa ya njiani. Mchana akafungua kifurushi cha spana ya plagi. Ndani mlikuwa na kahawa.

Alifoka peke yake, akalaani migomba yote duniani, kisha akatoka mbio hadi bandarini.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya mzigo akisubiri meli. Lwakatare akamwamkia, kisha akautupia jicho mkoba wake. Mkwe gani anayepekua mkoba wa mama mkwe?

"Marahaba, baba. Umenifuata kuniaga tena? Basi tutafune kahawa kwanza."

Akatoa kifurushi, akakifungua taratibu. Chuma kikang'aa juani.

Lwakatare alishusha pumzi kama aliyetua gunia la pamba. Bibi akaigeuzageuza spana, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hii tafuna wewe, baba. Mimi meno yameniisha."