Nyungu ya Mama Zaituni

Wa kulaumiwa ni wawili. Bosi Kassimu, aliyeturudisha nyumbani kutoka bandarini bila mshahara wakati wa korona, na Jumanne, kaka wa mke wangu, aliyenishauri nikope kwenye kikoba, chama cha akina mama cha kukopeshana, ili tule. Miezi mitatu sikurejesha hata senti. Nikasikia wanawake wa kikoba wanakuja kuchukua cherehani ya mke wangu, na ndiyo iliyobaki kulisha watoto. Wiki nzima sikai, sisimami.

Nikapata akili, eti. Siku yenyewe nikajilaza sebuleni mbele ya cherehani, nikakohoa kama mbuzi, nikijua wataogopa korona na kukimbia.

Mwenyekiti wao, Mama Zaituni, hakukimbia.

"Pole shemeji. Utapona leo leo."

Akachemsha nyungu ya mwarobaini na mchaichai, wakaniamuru nibaki na bukta, wakanifunika blanketi zito juu ya mvuke. Kila nikitaka kutoka, mkono unanirudisha ndani.

"Vumilia, ugonjwa unatoka huo."

Nikashindwa. Nikarusha blanketi, nikasimama na bukta iliyochanika mbele ya wanawake saba na wanangu wote.

"Siumwi jamani. Nina deni tu."

"Deni tunalijua," akasema Mama Zaituni. "Vaa suruali, utusaidie kubeba cherehani."