Karatasi Niliyoitoa Sandukuni

Mimi shule ya msingi niliimaliza, na mwandiko wangu mpaka leo ukiuona utadhani umepigwa chapa. Sisemi kwa kujisifu, ingawa kujisifu nakujua. Nasema kwa sababu haya yalianzia kwenye mwandiko.

Miaka ishirini na sita nilikuwa mtunza ukumbi wa chuo kikuu. Funguo zilikaa kiunoni mwangu, na hata mkuu wa idara akitaka kuingia alinisalimia kwanza. Kila Alhamisi ya pili ya mwezi, saa kumi jioni, chama cha wanafunzi wa uchumi kilileta mgeni wa kuwahutubia: mtu wa benki, mwenye kiwanda, profesa wa ng'ambo. Mimi nilipanga viti, nikafuta ubao, nikaweka jagi la maji na glasi iliyofunikwa kisahani.

Maswali hayakuulizwa kwa mdomo. Zamani yaliulizwa, mpaka kijana mmoja alipokamata kipaza sauti akahutubia kuliko mgeni mwenyewe. Toka hapo kila mwenye swali aliliandika kwenye kipande cha karatasi, bila jina, akakitia kwenye sanduku la chaki nililolivika karatasi ya buluu. Kabla ya kumpelekea mwenyekiti wao, nilichambua. Vitupu nilitoa, vya matusi nilitoa. Wale watoto hawakuwa malaika.

Shoga yangu alikuwa mpishi wa kantini, mlango wa pili kutoka ukumbini. Tulimwita Mwiko, maana alikuwa mrefu, mwembamba, na hakuna jambo lililochemka asilolikoroga. Shule aliiacha darasa la tatu akalee wadogo zake. Mimi ndiye niliyemrudisha kwenye herufi, mchana jikoni kukitulia, tumekalia magunia ya viazi.

"Mwalimu," alinitania, "hii herufi yako ina mguu umetoka nje. Imezaliwa hivyo au ilianguka?"

"Andika, wewe. Mdomo hauna kalamu."

Mwaka ule akaanza kuja Alhamisi, akisimama mlango wa nyuma na aproni yake, anasikiliza. Nami nikaona fahari. Nikawa namwekea kiti, hakikalii.

Siku hiyo mgeni alikuwa mama mmoja mtaalamu wa bei za vyakula. Nikachambua karatasi nyuma ya pazia la jukwaa kama kawaida. Ya tano niliijua kabla ya kuisoma, kwa herufi zake zilizoinamiana kama watu wanaonong'onezana. Iliandikwa: "Chakula cha kantini kikibaki tunamwaga, na nje yupo mwanafunzi hajala. Nani aliona kumwaga ni bora kuliko kupunguza bei?"

Haikuwa tupu. Haikuwa tusi. Nikaitia mfukoni.

Nilijiambia namsitiri, wasije wakaucheka mwandiko wake. Uongo mtupu. Mwenyekiti ndiye aliyesoma kwa sauti. Mwandiko nani angeuona? Ukweli ni kwamba mimi nililibeba lile sanduku miaka kumi na moja na sikuwahi kutia swali langu hata moja. Na mwanafunzi wangu wa magunia ya viazi alikuwa ametia.

Mgeni akajibu maswali saba. Mwenyekiti akaligeuza sanduku, akalitikisa, akasema yamekwisha. Mwiko alikuwa amejishikiza mlangoni, mikono bado ina maji. Aliningoja mpaka nikakunja kiti cha mwisho.

"Huenda yalikuwa mengi," akasema.

"Yalikuwa mengi," nikajibu.

Alhamisi ya mgeni wa mwezi uliofuata hakuja. Nilipomfuata na daftari alinionyesha karai la vitunguu. "Kusoma kuna wenyewe, shoga. Mimi na hivi tunalia pamoja, hatudanganyani." Hakushika kalamu tena. Mpaka anastaafu, orodha ya chakula aliandikiwa na mhudumu.

Ile karatasi niliihifadhi ndani ya kitabu changu cha sala. Kila nikisali naikuta, na mtu hawezi kusali vizuri juu ya kitu cha wizi. Juzi, magoti yangu yakiwa na nafuu, nilikwenda kwake nikaiweka mezani, nikamweleza yote, hata lile la miaka kumi na moja bila swali langu sandukuni.

Akavaa miwani. Akaisoma polepole, kidole chini ya maneno.

"Kwa hiyo halikufika."

"Halikufika."

"Na mimi miaka yote hii nilidhani lilifika likaonekana la kijinga." Akavua miwani. "Ungenipiga kibao, ningepona siku ya pili."

Nikasema nisamehe. Alinimiminia chai, maana adabu hajaiacha, kisha akanisogezea karatasi.

"Simama uisome. Kwa sauti, kama yule mwenyekiti wao."

"Hapa?"

"Ulitaka ukumbi? Funguo si uliwarudishia."

Nikasimama, mkono mmoja nimeshika meza, nikaisoma mpaka nukta. Alisikiliza kichwa kakiinamisha, kama alivyosikiliza mlangoni.

"Haya," akasema. "Sasa nijibu."

Nilisimama pale na shule yangu yote ya msingi. Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani.

"Kaa," akasema. "Chai inapoa."