Kompyuta ya Mtu Mwingine

Verner Dalgaard alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha maziwa hadi alipostaafu. Tangu mkewe Birthe afariki, kazi yake ikawa kujenga tovuti ambazo hakuna aliyemwomba azijenge. Alijenga ya wafuga njiwa, akajenga ya kanisa, akajenga hata ya mtaa wao wenye nyumba chache na paka wengi. Watu walimshukuru, kisha wakaenda zao.

Aliyoipenda zaidi ni tovuti ya ushauri kwa wanaoanza kujifunza kazi hiyo nyumbani. Humo Verner hakuwa mpole. “Rangi mbili zinatosha, hupambi keki.” “Punguza ukubwa wa picha kabla hujaipandisha mtandaoni; si kila mtu ana mtandao wa kasi wa Copenhagen.” “Nyuma ya kila picha andika maneno ya kueleza kilichomo, ili asiyeona naye apate.” Na chini kabisa, kwa herufi nene: “Usijiamini. Fungua ukurasa wako kwenye kompyuta ya mtu mwingine.”

Shauri hilo la mwisho yeye mwenyewe hakulifuata hata siku moja. Kinyozi hajinyoi, tungesema, lakini kwake haikuwa kiburi. Hakuwa na huyo mtu mwingine.

Mwaka ule wa msiba alijenga ukurasa wa Birthe. Aliweka picha zake za ujana, za uzee, za unga puani, na nyuma ya kila moja akaandika maneno kama alivyowafundisha wenzake. Akamtumia anwani Pernille, binti yao wa pekee, aliyekuwa akiishi mji wa Aarhus. Akasubiri siku nzima ndipo akapiga simu.

“Umeuona?”

“Nimeuona, Baba. Umeandika vizuri sana.”

“Na ile ya baiskeli je? Picha ya mama yako na baiskeli?”

“Picha gani, Baba?”

Verner akakata simu. Picha chungu nzima za mama yake mzazi, na mtoto hana habari nazo! Iliuma, na aliiacha iume. Tangu hapo walizungumza wakati wa Krismasi na siku za kuzaliwa tu, na mazungumzo yenyewe yalikuwa ya mvua. Siku yake ya kuzaliwa alipandisha bendera uani kama desturi ya kwao, peke yake, akakata keki peke yake, nusu akaitia kwenye friza. Jioni alifungua ukurasa wa Birthe kwenye kompyuta yake, akamtazama mkewe akicheka. Ukurasa huo aliutazama yeye peke yake, akaona heri aufute.

Angeufuta wiki hiyohiyo, kama Jytte wa nyumba ya pili asingemwita. Jytte ni mmoja wa wale wendawazimu wanaojitosa baharini Januari, maji yakiwa baridi kama barafu, na chama chao kilitaka tovuti.

“Picha zetu zipange vizuri,” alisema akimmiminia kahawa. “Ila zile ambazo hatujavaa kitu uziache, jirani. Tutaua watu kwa kicheko.”

“Wa kwanza kufa nitakuwa mimi.”

“Huna mfano unionyeshe?”

Verner akaukumbuka ukurasa wa mkewe. Kisha akawaza, kabla hajaufuta, angalau mtu mmoja amwone Birthe. Akaandika anwani kwenye kompyuta ya Jytte.

Ukurasa ukafunguka. Masanduku matupu, safu kwa safu, na ndani ya kila moja maneno madogo, yale aliyoyaandika nyuma ya picha. Jytte akavaa miwani, akasoma kwa sauti: “‘Birthe na baiskeli ya buluu, siku aliyoanguka mtaroni akacheka mpaka akakosa pumzi.’ Jamani, maneno matamu! Sasa picha yenyewe iko wapi?”

Verner alijua papo hapo. Picha hakuzipandisha mtandaoni hata moja. Ukurasa aliuelekeza uzichukue kwenye diski ya kompyuta ya nyumbani kwake, na siku zote alikuwa akifungua nakala iliyo humohumo, kwa hiyo aliyeziona ni yeye tu. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alikuwa amewakaripia wageni wengi kwa kosa hilihili.

“Kahawa yako, Verner!” Jytte aliita, lakini Verner alikwishafika barazani na simu sikioni.

“Pernille, ukifungua ukurasa wa mama yako unaona nini?”

“Baba? Kuna nini?”

“Niambie tu.”

“Masanduku. Na maneno yako.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilidhani umeyaacha matupu makusudi, kwamba huwezi kumtazama. Ulipotaja picha ukakata simu, nikaogopa kutonesha kidonda. Lakini huwa nayasoma, Baba. Kila Jumapili. Lile la baiskeli nimelihifadhi kichwani. Ila hukuandika alivaa nini siku ile. Mimi humvika gauni la njano.”

Nyumba ya Verner ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na kuzipandisha zile picha kungemchukua muda wa kuchemsha yai. Hilo hakulisema.

“Kwenye kompyuta yangu picha zinaonekana,” alisema. “Njoo uone.”