Pikapu Iliyopakwa Poda

Watu wengi wakisikia harufu ya poda ya mtoto hukumbuka watoto. Mimi nakumbuka gari. Juzi nilikwenda kumwona binti wa jirani yangu aliyejifungua, akaniwekea kichanga mapajani, kimetoka kuogeshwa, kimepakwa poda hadi kwenye mikunjo ya shingo. Nikacheka peke yangu mpaka mama yake akaniuliza kama mwanawe ana kasoro. Ningemweleza nini? Ngoja niwaeleze ninyi, maana naona mna nafasi.

Tulikuwa tunakaa Sumbawanga, ile miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena sabuni za kila rangi baada ya kipindi kirefu cha kupanga foleni kwa ajili ya kipande kimoja. Baba yangu alikuwa karani wa stoo katika duka la ushirika, na tena balozi wa nyumba kumi. Mtaa mzima ulimwita Balozi, na nafikiri hata ndotoni alijiita hivyo hivyo. Adui yake alikuwa mmoja tu, mlanguzi. Aliwahi kumfichua jirani aliyeweka katoni za sabuni chini ya kitanda, akazitoa nje mchana kweupe ili watu wote waone, na tangu siku hiyo jirani yule alipita kwetu akiangalia upande wa pili. Ruksa ilipokuja duka la ushirika likafungwa na kila mtu akafungua kibanda. Baba hakuyumba.

"Serikali imeruhusu," alisema. "Mimi sijaruhusu. Nyumba hii haitauza hata kiberiti."

Kiinua mgongo chake akakinunulia pikapu ya mkono wa pili kutoka Japani. Akawa anashuka Kirando, kule ziwani, analala huko, kesho yake anapandisha watu na dagaa. Lakini ole wako umwite mfanyabiashara. Yeye alikuwa msafirishaji, na ukimwangalia usoni unaona tofauti hiyo anaiona kabisa.

Pikapu ilikuwa nzuri, ila ililia. Kilicholia si injini wala springi, ni ule mpira mweusi unaoshika kioo cha mbele. Kila gurudumu lilipoingia shimoni bodi ilijinyonga kidogo, mpira ukasugua kioo, na hapo hapo unasikia nyiiii, nyiiii, sauti nyembamba ya mtoto wa nguruwe aliyebanwa mlangoni. Na barabara zetu za wakati huo mnazijua. Kati ya shimo na shimo kulikuwa na shimo.

Kituko ni kwamba kelele ile ilikuwa ya huku juu tu, kwenye baridi. Baba akifika Kirando kwenye joto, mpira unalainika na gari linanyamaza. Huko kulikuwa na fundi aliyesifika sana. Fundi akalizunguka gari, akaliendesha huku na huku, akateremka, akasema, "Balozi, gari hili halina ugonjwa. Labda wewe." Baba akapandisha mlima kwa hasira, akatokea juu, akakutana na upepo wa milima ya Mbizi, nyiiii.

Akaamua kujitibia mwenyewe. Akapaka grisi kuzunguka kioo chote. Grisi ikashika vumbi, vumbi likawa ugoro mweusi, na mpira ukaendelea kulia kwa sauti nzito zaidi. Akaifuta, akapaka mshumaa. Mshumaa ukakauka, ukawa unamwagika vipande vipande juu ya dashibodi. Akajaribu mawese. Jua lilipotoka mawese yakayeyuka na kuchuruzika kwenye kioo michirizi mizito myekundu, na mama mmoja pale stendi akakataa kupanda akidhani Balozi kagonga mtu. Wale wa mikoa mingine wanaoamini kwamba Sumbawanga kila kitu ni uchawi watafurahi kusikia kuwa jirani mmoja alishauri gari liogeshwe dawa. Baba alikataa. Hakusema haamini, alisema maji yataleta kutu.

Ndipo akanigundua mimi. Nilikuwa na masikio makali, na Baba aliona kwamba kelele haiwezi kutibiwa mpaka ijulikane inatokea wapi hasa. Basi jioni alitupakia mimi na mdogo wangu Piusi. "Skola, kona ya juu kulia. Piusi, ya chini kushoto." Tunabandika masikio kwenye kioo cha baridi, shingo zimepinda, Baba anatafuta mashimo makusudi. Mimi nilisikiliza kwa uaminifu. Piusi alipaza sauti "Hapa! Hapa!" kila wakati, hata gari likiwa limesimama, kwa sababu alipenda kuzungushwa.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Masikio haya haya yalikuwa yameajiriwa pia na Mama, kwa kazi nyingine kabisa.

Mwaka ule nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Shule ilitaka godoro, sanduku la bati, mashuka na viatu vyeusi, na asiye navyo asifike. Kila Mama alipolitaja jambo hilo Baba alijibu, "Gari likitulia." Gari halikutulia. Lilikula tairi, likala betri, likala kila kilichopatikana Kirando. Mama hakubishana. Alizungumza na Mama Mwajuma, mfanyabiashara wa Kirando, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, ambaye alipata vitenge kutoka ng'ambo ya ziwa. Mama Mwajuma alipanda pikapu yetu, tena kiti cha mbele, na tenga lake mapajani, dagaa juu, vitenge chini. Baba alikuwa akimwambia, "Dagaa wako wepesi kweli kweli, Mama Mwajuma," naye anajibu, "Wamekauka, Balozi, jua la kwetu si mchezo." Kwa hiyo mlanguzi wa nyumba yetu aliletewa mzigo na Balozi mwenyewe.

Mama alivificha chini ya godoro letu sisi watoto. Mzigo ukifika tulilala karibu na dari. Biashara ikienda vizuri tulishuka. Baba akiwa safarini akina mama wa mtaa walijaa sebuleni, na mimi nilikaa dirishani nikisikiliza. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya mteremko unaoishia kijitoni, na Baba, kwa kubana matumizi ya petroli, alizima injini kule juu penye shule na kuliacha gari lishuke lenyewe hadi mlangoni. Lilishuka bila mngurumo. Tulichosikia ni mpira tu. Nyiiii moja toka penye shule ilitosha kukunja vitenge, kuvirudisha kitandani, na kuwageuza wateja kuwa wanajumuiya waliokuja kusali.

Mwaweza kufikiri nilivyokuwa naogopa. Jioni Baba ananitaka nitafute mahali pa kuiua ile kelele, mchana Mama anaitegemea kuliko kitu chochote duniani. Ikifa, siku moja vitenge vitatolewa nje mchana kweupe kama zile katoni za sabuni, Mama ataaibika mbele ya mtaa, na mimi sitakuwa na godoro wala shule. Nikaanza kusikia vibaya makusudi.

Aliyeiua ni Mama mwenyewe. Baba alikuwa anakula huku akilalamika, mpira hivi, mpira vile, na Mama, amechoka, anasonga ugali wa pili, mawazo yake mbali, akasema, "Si upake poda tu? Chupi ya plastiki ya Deo ilikuwa inalia hivyo hivyo, nikaipaka poda ikanyamaza." Deo alikuwa kitinda mimba wetu, wakati huo anatambaa. Mama alipomaliza kusema aliganda, mwiko uko hewani. Nilitamani kumziba mdomo, lakini maneno yalishatoka.

Kesho yake asubuhi Baba akachukua kopo la Deo. Akainua mdomo wa mpira kwa kijiko, akapaka kioo chote kuzunguka, polepole, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la poda. Akatuzungusha mtaa mzima. Kimya. Piusi akasema "Hapa!" kwa mazoea, akapigwa kofi la kirafiki. Baba alifurahi hata akaimba, na Mama akampongeza, uso umemparama.

Mama alisimamisha biashara kwa muda. Lakini wateja walimfuata hadi kisimani, na siku za kufungua shule zilikuwa zinakaribia. Basi siku moja Baba alipokuwa Kirando, na tulijua hatarudi mpaka kesho, akawaita. Sebule ikajaa. Kioo cha kujitazamia hatukuwa nacho, kwa hiyo Mama alipanda kwenye stuli na kujifunga kitenge yeye mwenyewe, akageuka mbele na nyuma watu waone, na wale akina mama wakapiga vigelegele vya kunong'ona. Sikuwahi kumwona Mama akiwa mchangamfu namna ile. Nilikuwa dirishani, naye aliniambia nisikilize injini, ingawa wote tulijua injini haitasikika.

Sikusikia kitu. Niligeuka nje kutupa maganda ya karanga, na pikapu ilikuwa pale. Ilikuwa inateremka taratibu mbele ya dirisha letu, kimya, Baba ndani yake. Mzigo ulikuwa umepatikana mapema. Alinitazama. Kisha akatazama juu ya kichwa changu, ndani. Akafungua mdomo, ule mdomo wake wa mkutanoni. Halafu akaufunga, mkono aliokuwa ameupeleka kwenye breki ya mkono akaurudisha kwenye usukani, na gari likatupita. Likaipita nyumba yetu hivi hivi, kama nyumba ya watu asiowajua, likaendelea kushuka kuelekea kijitoni.

"Breki!" nikapiga kelele. "Breki za Baba zimekatika!"

Sebule ikalipuka. Vitenge, mabega, viatu, mtu akamkanyaga Deo. Katika vurugu ile Mama peke yake ndiye aliyeteremka kwenye stuli bila haraka. "Kunjeni," akasema, "kunjeni vizuri." Nilipotaka kukimbia nje akanishika gauni. "Kaa hapa. Baba yako anajua kuendesha." Nilimchukia kidogo saa ile, mke gani huyu ambaye mumewe anatumbukia mtoni na yeye anakunja nguo.

Tulikaa muda mrefu. Wateja wakaondoka kwa mlango wa nyuma, kitanda chetu kikapanda juu. Ndipo tukasikia kutoka kijitoni injini ikinguruma kupanda mlima, na juu ya mngurumo ule, nyiiii, nyiiii, kali kuliko zamani. Baba akasimamisha gari mlangoni. Akakohoa. Akapiga honi, ambayo hakuwahi kuipiga nyumbani, akakohoa tena.

"Shikamoo Baba," nikamkimbilia. "Breki zimepona?"

"Marahaba. Breki gani?" Akanitazama, kisha akasema, "Ahaa. Zimepona."

Mikono ya shati lake ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko na inanuka sabuni ya kufulia. Gari zima lilikuwa limejaa vumbi la safari, kioo cha mbele tu ndicho kilichong'aa. "Poda yako haina nguvu, Mama Skola," akamwambia Mama. "Inafaa watoto tu." Mama akasema, "Pole, Baba Skola," akaenda kumwekea maji ya kuoga. Piusi alipojitolea kuleta kopo la Deo aliambiwa akae chini.

Nilikwenda shule. Baba alinipeleka mwenyewe, akalifunga godoro jipya kwa kamba nyuma ya pikapu, akaivuta kamba mara nyingi kuhakikisha, na hakuuliza limetoka wapi. Mpira ulilia njia nzima. Kwa miaka mingi niliamini kwamba breki zilikatika na kwamba poda haina nguvu, na niliwasimulia wenzangu bwenini hivyo.

Nilikuwa na nyumba na mume wangu mwenyewe nilipokuja kuelewa. Mwanaume hapigi hodi kwake. Baba, kwa jinsi alivyojitangaza mtaani, hakuweza kuturuhusu kwa maneno, wala hakuweza kutukamata na kubaki na amani nyumbani mwake. Alihitaji kitu cha kumpigia hodi, na alikuwa amekiua kwa mikono yake. Naona uchungu nikimfikiria amechuchumaa kijitoni na kipande cha sabuni, Balozi mzima, anaosha poda.

Baba alishatangulia mbele ya haki nilipomwuliza Mama. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema siku ile macho yao yalikutana juu ya kichwa changu, naye yuko kwenye stuli amejifunga kitenge cha bluu, na alijua pale pale kwamba gari halina tatizo la breki. Jioni sisi watoto tulipoondoka kwenye chakula, Baba alimega tonge, akalizungusha mkononi muda mrefu, akamwambia bila kumwangalia, "Kile cha bluu usikiuze." Kisha akaomba maji ya kunawa.