Mume Wangu ni Soba

Mume wangu, Emmanueli Swai, ni opereta wa winchi bandarini Mtwara. Ni Mchaga wa Machame, mrefu, mpole, anakoroma, na anakula ugali kwa kijiko mbele za watu bila haya. Yote hayo nimeyavumilia kwa miaka ishirini na sita. Lakini ukiwauliza watu wa Likombe, mtaa tunaokaa, Swai ni nani, hawatakutajia hata moja kati ya hayo. Watakuambia, "Aaa, yule mzee soba."

Jina hilo lilianzia getini. Kabla ya kupanda winchi, kila opereta hupuliza kwenye kimashine cha kupima ulevi, halafu hutia saini kwenye kitabu cha zamu, chini ya neno la Kiingereza, sober. Vijana wa bandarini hawana muda wa kukibembeleza Kiingereza; wao husema soba. "Uko soba?" "Niko soba." Maisha yanaendelea. Sasa kuna siku, miaka minane iliyopita, mume wangu alipuliza, na Issa, mlinzi wa getini, akakitazama kile kimashine, akamtazama na yeye, akamwambia kwa heshima, "Mzee, leo urudi tu nyumbani." Siku ya tatu ya namna hiyo wakubwa wakamshusha winchi, wakampa ufagio wa ghala la korosho.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari. Neno hilo nimelifundisha miaka mingi kabla halijanihusu. Nilikuwa naliandika ubaoni, nawaambia watoto kwamba ni kinyume cha mlevi, andikeni, tunaendelea. Halikunichukua hata dakika moja. Baba yangu alikuwa mchungaji. Pombe sikuwahi kuionja. Hata divai ya Meza ya Bwana nilikuwa naigusisha mdomo tu. Nilijivunia jambo hilo, na sikuwa najificha kujivunia. Mume wangu aliporudi amelewa nilikuwa namhubiria kutoka mlangoni mpaka kitandani, na aya zote nilikuwa nazijua.

Kilichomwangusha hakikuwa bia. Ni uraka. Msimu wa korosho ukianza, wenyeji wa huku hukamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, maji yake wakayaacha yachachuke, na hapo ndipo sisi watu wa kuja tunapokwisha. Uraka ni mtamu, haukuambii kwamba ni pombe. Unakunywa kikombe kuondoa kiu, unakunywa cha pili kwa adabu ya mwenyeji, cha tatu hujui nani amekunywa. Mume wangu alikuwa na rafiki zake Ziwani, wenye mikorosho. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba nilikuwa sina mume, nilikuwa na mgeni anayelala kwangu.

Siku iliyovunja kila kitu ilikuwa kipaimara cha binti yetu wa pekee, Glory, akiwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa Jumapili ya Novemba. Baba yake aliondoka asubuhi kwenda Ziwani kuchukua kuku wa sherehe. Akafika kanisani watoto wanashuka madhabahuni, amekumbatia kuku, akaketi kwenye benchi la familia ya watu, akampigia makofi na vigelegele mtoto wa mwenzie. Kanisa zima lilicheka. Glory hakucheka wala hakulia. Tuliporudi nyumbani alimvua baba yake viatu, akaviosha matope, akavianika dirishani.  Mimi nilisema maneno elfu, na hakuna hata moja lililofanya kazi kama kule kuosha kwake viatu.

Mume wangu aliacha. Si siku hiyo hiyo, msije mkadhani. Alianguka mara tatu, na mara ya tatu nilishafunga sanduku langu. Kilichomsaidia ni kutokukaa bure. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda Mikindani, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la rafiki yake Feroz. Feroz ni Mhindi Muislamu, familia yao imekaa pale tangu enzi za babu, na nyumbani kwao kileo hakijawahi kuvuka kizingiti. Walikuwa wanacheza keram nyuma ya duka, kati ya mabati na ndoo za rangi, wakinywa chai ya maziwa na kutukanana kwa upendo. Mume wangu alikuwa anarudi na vumbi la saruji kwenye kola. Nililipenda vumbi lile kama marashi.

Ni kipindi hicho alipoanza kulichokonoa lile neno. Alichukua kamusi yangu ya shule, akavaa miwani, akasoma kidole kikiwa chini ya mstari.

"Mama Glory, kumbe siyo kutokulewa tu."

"Ni nini tena?"

"Hata rangi inaweza kuwa soba. Rangi tulivu, isiyopiga kelele. Hata mawazo. Mtu akipima jambo bila papara, bila kujidanganya, hayo ni mawazo soba."

Tangu hapo tukakoma. Nikinunua pazia, analitazama: "Hili siyo soba, hili lina fujo." Majirani wawili wakigombana kwa sababu ya mchongoma uliovuka mpaka, yeye anaitwa kusuluhisha, anawaambia wakae kwanza, waamue kisoba. Kulikuwa na matumizi mamoja tu aliyoyachukia, lile la mtu kulala, kunywa kahawa, halafu akaambiwa sasa ameshakuwa soba. "Kana kwamba ni kazi ya asubuhi moja," alikuwa anasema, akiifunga kamusi. Kanisani kwetu neno lenyewe ni kiasi, na mimi nilimwambia kiasi linatosha. Alikataa. Alisema kiasi ni kwa watu wanaoweza kunywa kikombe kimoja wakasimama.

Baada ya miaka miwili wakamrudisha kwenye winchi. Issa alikuja mwenyewe nyumbani kuniambia, anacheka mpaka jino la mwisho. Basi jina likawa limeshaganda.

Mwaka jana, Julai, Glory akaletewa posa. Kijana anaitwa Baraka, bwana shamba wa mikorosho, Mchaga mwenzetu, kwao Kibosho. Ana adabu, na anamcheka Glory anapokasirika, jambo ambalo ni kinga kubwa katika nyumba. Baba yake ameshafariki, kwa hiyo wazee wangeongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Josephu, ambaye angesafiri kwa basi kutoka Moshi na wenzake watatu. Ulezi walikuwa wanakuja nao; mbege yenyewe, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ingepikwa kwa ndugu yao mmoja Mtawanya.

Hapo kwenye mbege ndipo hofu yangu ilipoanza. Kwa mila za kwao na za kwetu, mwenye kuleta mbege huonja kwanza, halafu binti humpelekea baba yake kata ya kibuyu iliyojaa. Baba akinywa, amekubali. Kata ikirudi imejaa, posa imekataliwa, na hakuna maneno matamu yanayoweza kulibadilisha hilo.

"Nitawaambia ukweli," mume wangu akasema.

"Utawaambia nini? Kwamba wanaoa kwa mlevi?"

"Mlevi aliyeacha."

"Watasikia neno la kwanza tu. Na wakipanda basi warudi, Glory atasemwa mpaka lini?"

Alichukua kamusi, akaenda kukaa nje. Nikadhani ameniachia mimi. Wanawake tukiachiwa jambo huwa tunalimaliza. Chungu cha mbege kingefikia jikoni kwangu, na anayechota ni mimi. Nikapika togwa ya ulezi, isiyolevya, nikaipatia rangi sawasawa na mbege, nikajaza kata moja kwa ajili yake. Nikamwambia Glory, "Baba yako umpe hii, ya mkono wa kulia, usikosee." Glory alinitazama kwa muda, lakini akaipokea. Nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Sebule ilijaa. Wazee wa Kibosho upande wa dirishani, sisi upande wa kabati, wamama wawili wa kwaya yetu karibu na mlango, na Feroz kwenye kigoda akiwa na soda yake. Mzee Josephu alikuwa mfupi, mwenye koti zito la Moshi asilotaka kulivua, jasho linamtiririka. Akaonja kata yake, akapangusa midomo, akasema mbege ya Mtwara si mbaya. Glory akaja, akapiga magoti, akampa baba yake kata.

Mume wangu aliinusa. Akaniangalia. Nikamkonyeza, anywe upesi yaishe.

Akaiweka mezani.

"Wazee wangu," akasema, "hii ni togwa. Mke wangu ananipenda, ndiyo maana ameipika. Lakini mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa mlevi. Kipaimara cha huyu binti nilimshangilia mtoto wa watu. Nina miaka sita na miezi minane sijaonja, na leo nikinywa kata moja tu, kesho hamtanipata. Sikutaka muoe nyumbani kwangu bila kulijua hilo."

Sikuwahi kuona aibu kama ile. Haikuwa aibu ya ulevi wake. Ilikuwa ya togwa yangu, iliyokaa pale mezani watu wote wakiitazama.

Mzee Josephu alipangusa jasho, akasema taratibu, "Baba Glory, nimekusikia, na umesema kiume. Lakini kata ikirudi imejaa, unajua tutaibeba na maana gani mpaka Kibosho. Mimi sikuitunga mila hii."

"Najua, mzee."

Glory alikuwa bado amepiga magoti. Akamshika baba yake goti. "Baba, usinywe," akasema. "Kama hakuna ndoa bila hiyo kata, basi ndoa iache." Baraka akainamisha kichwa, lakini hakumpinga. Nilimpenda kijana yule wakati huo kuliko siku zote.

"Leteni kata ya mbege," mume wangu akasema.

 Sikutoka kwenye kiti. Mama mmoja wa kwaya ndiye aliyeingia jikoni. Alipoileta, mume wangu aliipokea kwa mikono miwili. Ile harufu kali ilinifikia mpaka mimi. Povu likamwagika kidogo kwenye vidole, naye hakuvilamba, alivipangusa kwenye suruali. Kisha akageuka.

"Wazee, mume na mke ni mwili mmoja. Mwili huu nusu yake ni mgonjwa na nusu ni mzima. Naomba nusu iliyo nzima inywe."

Akaninyooshea mimi.

Wale wamama wa kwaya wakashika vinywa. Wazee wakanong'onezana. Macho ya watu yakazunguka kutafuta mtu mwingine, yakamfikia Feroz, naye akainua mikono juu: "Msinitazame mimi, nina soda yangu!" Hata Mzee Josephu alicheka. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, utakunywa?"

Nilimfikiria marehemu baba na joho lake jeusi. Nilifikiria jinsi habari zitakavyotangulia kufika kanisani kesho kabla yangu. Halafu nikamwona mume wangu, jinsi alivyokuwa ameisogeza kata ile mbali na uso wake, mkono wote umenyooka kama mtu aliyeshika nyoka. Nikaipokea, nikanywa.

"Yote," Mzee Josephu akasema. "Kata haibakizwi."

Nikanywa yote. Ilikuwa chachu, ya uvuguvugu, na punje za ulezi zilinikwaruza kooni. Nilipoishusha ikiwa tupu vigelegele vililipuka, Glory akanirukia shingoni, wazee wa Kibosho wakasimama kumpa mkono mume wangu, wakimwita mkwe. Masikio yangu yalipata moto. Nilikaa, nikajikuta nacheka peke yangu, halafu nikajikuta nalia, na vyote viwili vilikuwa vitamu.

Joto lilishuka kifuani, likatulia. Nilikuwa na wasiwasi tangu Julai inaanza, nao wote ukaondoka. Togwa haikuniuma tena. Kwaya haikuniuma. Mzee Josephu alipita akichota kwa furaha, akasimama mbele yangu, akauliza, "Nikuongeze, mwalimu?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Sikuutuma. Mimi, binti wa mchungaji, niliyemhubiria mtu miaka kumi na minane akae mbali na kikombe, nilikuwa nimeshaishika kata kabla sijajua kwamba naitaka.

Mume wangu, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, aliniona. Hakunicheka wala hakunipa aya hata moja. Aliniwekea glasi ya maji kwenye mkono mwingine, akaitoa ile kata taratibu katika vidole vyangu, kimoja baada ya kingine.

"Inatosha, mama Glory," akaninong'oneza. "Najua ilivyo."