Papa Blaise Aingia Handakini

Masumbuko wa Doonside, hapa Sydney, ambaye sisi wa kanisani tunamwita Papa Blaise, anaendesha folklifti kwenye ghala karibu na bandari ya Port Botany, na mkaidi kama yeye sijapata kuona. Wakati wa Pasaka, mgodi wa dhahabu uliporomoka kwao Kivu, mwanawe Blaise akabaki chini. Mwili haukupatikana. Katika ukoo wao matanga hutangazwa na baba, na Papa Blaise alikataa katakata. Alishikilia kwamba mashimo yale yana hewa, mtoto yu hai, na atakayemlilia anamtakia kifo. Basi mkewe, Mama Katungu, akameza kilio chake miezi yote hiyo. Mimi mtu wa Moshi nilikereka, ila ningesema nini kwenye nyumba ya watu?

Likizo ya Septemba kanisa likapanga safari ya bara, mbali kabisa na Sydney, kutazama pango la mawe ya chokaa lenye handaki linalopenya kilima. Papa Blaise, asiyependa matembezi, akawa wa kwanza kujiandikisha. Njiani nikamuuliza kulikoni.

"Nataka nione, Frida. Kama mutu anaweza kuishi mule."

Nilitamani gari lipate pancha.

Tuliingia tumeinama, maji yakitudondokea shingoni. Mama Katungu alibaki nje na masufuria ya wali na sombe, kisamvu cha kwao. Katikati ya handaki mwongozaji wetu, mama wa Kizungu mchangamfu kupita kiasi, akatuambia tuzime taa zote tuonje giza. Watoto wakacheka, kisha wakanyamaza. Niliweka mkono mbele ya uso wangu nisiuone. Kando yangu Papa Blaise alikuwa akipapasa ukuta, huku na huku, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake. Akaita mara moja, kwa sauti ndogo, "Blaise." Nililia pale pale, na huyo Blaise simjui hata kwa sura.

Taa zilipowashwa alikuwa amepiga magoti topeni, kiganja kimechubuka. Akanyanyuka, tukatoka nje.

Akaenda moja kwa moja kwa mkewe.

"Mama Blaise, mutoto alikufa. Lia sasa."

Mama Katungu hakulia. Alimfuta tope magotini, akamuuliza, "Mule ndani kuko baridi?"

"Baridi sana."

Hapo ndipo Mama Katungu alipoanguka chini akalia, na hakuna aliyethubutu kumnyanyua.